Jengo la Shule ni Amana ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa jamaa, baada ya Sala ya Alasiri. Tunaichapa kama ilivyosomwa, pamoja na masahihisho machache ya lugha.)



Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa Mwislamu kwa jirani zake. Mada hiyo ni pana, na waliotangulia kusema wameieleza vizuri kuliko niwezavyo. Mimi nitamchukua jirani mmoja tu, asiye na mdomo wa kulalamika wala miguu ya kuja mlangoni kwetu kuomba. Jirani huyo ni shule ya msingi ya Serikali. Karibu kila msikiti wetu, mjini na kijijini, una shule ya namna hiyo mwendo wa dakika chache. Watoto wetu hushinda humo tangu asubuhi mpaka mchana, siku tano za wiki, kwa miaka mingi. Kwa hesabu hiyo mtoto hukaa chini ya paa la darasa muda mrefu kuliko akaavyo chini ya paa la msikiti. Lakini paa la msikiti twalijua kila bati lake. La shule hatujapata kuinua macho kulitazama.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe, maana mtu anayesema habari za nyumba za watu zinazovuja hana budi kwanza aonyeshe paa lake.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Shule katika kijiji nilichokuwa nikiishi. Jina la shule nitalisitiri. Siku moja ya kiangazi tuliketi chini ya mwembe kujadili ujenzi wa darasa jipya. Mwalimu wa zamu akatuonyesha kwamba kofia mbili za bati zimeng'oka juu ya darasa la tatu, na kwamba mvua ikinyesha maji huteremka ndani ya ukuta wa pembeni. Mimi ndiye niliyemjibu. Nilisema, na maneno hayo nayakumbuka kama nilivyoyatamka, "Hilo ni dogo, tumalize kwanza darasa jipya." Wenzangu wakaafiki. Kofia mbili za bati na misumari yake, kwa bei za siku zile, hazikuzidi nauli yangu ya kwenda mjini na kurudi.

Ikapita misimu mitatu ya mvua. Maji yaliingia katika kichwa cha ukuta uliojengwa kwa tofali za udongo, yakaulainisha kutoka ndani, huku kwa nje lipu ikionekana nzima. Mchwa, ambao daima hufuata unyevu, wakapanda mpaka kwenye kenchi. Hatimaye, asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, kabla ya kengele, pembe ya ukuta ikaanguka pamoja na mbao zake. Ndani alikuwamo mtoto mmoja wa kike, aliyekuja mapema kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kufagia. Alivunjika mguu. Laiti ingalikuwa saa moja baadaye, wangalikuwamo watoto zaidi ya 80.

Baba yake hakumlaumu mtu. Alisema hiyo ni kadari ya Mungu. Nami nikanyamaza, ilhali nilijua kwamba habari ilikwisha tufikia kwa kinywa cha mwalimu, tena kwa wakati wake, na kwamba aliyeikataa ni mimi. Binti yule alipona, ila hutembea kwa kuchechemea. Darasa jipya tulilolitanguliza tulilimaliza, na lilikuwa zuri.

Basi ndugu zangu, sikuja hapa kuwasema wengine.

Sasa tujiulize, kwa nini watu wazima, wenye akili na wenye kuwapenda watoto wao, huliona darasa jipya na wasiione kofia ya bati? Sehemu ya jibu imo katika historia ya shule zetu. Baada ya uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 na kuanza kwa Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, wanakijiji nchini kote walifyatua tofali, wakasomba mawe na mchanga, wakasimamisha madarasa kwa mikono yao. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuuitao MMEM, ada zikiwa zimefutwa, na watoto wakafurika, tukajenga tena. Mwaka 2004 ukafuata mpango wa sekondari, nazo shule za kata zikaota kila mahali. Mwaka 2021, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na janga la UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Haya yote yalikuwa mema, na mwenye kuyabeza hajui tulikotoka. Lakini tazameni: kila wimbi lilikuwa na jina lake, na sherehe zake, na utepe wake wa kukata. Matengenezo yalitajwa katika mipango, lakini hayakupata kuwa na wimbi lake, isipokuwa ukarabati wa shule kongwe za sekondari ulioanza katika miaka ya 2010, nao ulikuja baada ya majengo yale kuachwa kwa miongo mingi. Hakuna mgeni rasmi aalikwaye kuja kuzindua kofia mbili za bati.

Sehemu ya pili ya jibu ni neno "bure". Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 Serikali ilifuta ada na michango ya lazima, na utaratibu huo ukaanza Januari 2016. Maskini wengi waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango walipumua, nasi twashukuru kwa hilo. Lakini wengi wetu tulilisikia neno hilo tulivyopenda. Ada ilipofutwa, tulidhani na wajibu umefutwa. Twaiona shule ikivuja twasema, "Serikali italeta." Ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Shule yenye watoto 500, hata ikipata yote, ni shilingi milioni 5, ambazo hapana budi zitoe pia chaki, karatasi za mitihani, na mahitaji ya ofisi. Mwalimu mkuu hukaa na fungu hilo mkononi akichagua kati ya mtihani wa majaribio na bawaba za milango. Mimi simwonei wivu.

Katika vijiji vingi mtaona jambo jingine la kusikitisha zaidi, yaani maboma. Wananchi huchanga, hujenga kuta mpaka kwenye linta, kisha hungoja Serikali iezeke. Wakati mwingine fedha huja upesi. Wakati mwingine boma hukaa miaka mitano bila paa, mvua ikiingia kutoka juu moja kwa moja katika tofali ambazo hazikukusudiwa kunyeshewa. Siku fedha zinapofika, mhandisi wa halmashauri hukuta ukuta umekwisha choka, naye husema kweli anaposema ubomolewe. Jasho la watu limeoshwa na maji. Na kumbe wakati wakingoja, turubai kuukuu, au hata kozi moja ya saruji juu ya ukuta, au nyasi zilizofungwa vizuri, zingaliweza kuusitiri ukuta ule. Boma nalo lahitaji kutunzwa, ingawa bado halijawa nyumba.

Hapa nataka kuwakumbusha jambo lililomo katika elimu yetu wenyewe, ambalo twalisahau. Wanazuoni wa sheria walipoandika habari za wakfu, yaani shamba au nyumba iliyotolewa ili mapato yake yaendeshe msikiti, madrasa au hospitali, waliulizana: mapato yakipatikana, nani apewe kwanza? Mwalimu? Wanafunzi? Maskini waliotajwa na mwenye wakfu? Wakajibu kwamba kwanza ni matengenezo ya wakfu wenyewe. Hata kama mtoaji hakuandika sharti hilo, lahesabika limeandikwa, kwa sababu jengo likianguka hakuna mwalimu atakayelipwa wala maskini atakayelishwa. Tazameni jinsi walivyofikiri. Kwetu matengenezo ni kile kinachobaki baada ya mambo mengine yote kulipwa, na kwa kawaida hakibaki kitu. Kwao yalikuwa deni la kwanza. Nami naamini kanuni hiyo ingalikuwa mezani kwetu siku ile chini ya mwembe, nisingalithubutu kumjibu mwalimu vile.

Sasa niseme kwa ufupi jinsi jengo la shule linavyokufa, kwa maana mafundi wamo humu na watanisahihisha. Jengo huuawa na maji. Mambo mengine yote huja nyuma yake. Bati lisilo na gata humwaga maji chini ya ukuta. Maji yale hurusha tope juu ya lipu na kuchimba udongo mpaka msingi ukaonekana mizizi kama mti wa kando ya mto. Msingi ukishaachwa wazi upande mmoja, hukaa bila usawa, na ukuta huanza kupasuka.

Na maji hayohayo yanayotubomolea yangaliweza kutuhudumia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 18 kwa 8 lina mita za mraba 144. Mvua moja kubwa ya milimita 50 huangusha juu yake lita 7,200. Leo lita hizo zatafuna msingi, na kesho yake watoto wa kike hutumwa kisimani kutafuta maji ya vyoo vya shule. Gata na tangi moja vingeondoa mabaya mawili kwa pamoja. Kama jamaa ya msikiti ina fedha za jambo moja tu, basi ushauri wangu ni gata, kabla ya rangi, na kabla ya kitu chochote ambacho mgeni angekiona kutoka barabarani.

Kuhusu nyufa yatupasa kuwa waangalifu. Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika lipu tu, hauna hatari kubwa. Ufa unaopita mshazari kutoka pembe ya dirisha, ambao ncha ya kidole yaweza kuingia, huo ni habari nyingine. Bandikeni juu yake kipande chembamba cha plasta na muandike tarehe. Kikikatika baada ya wiki chache, ukuta watembea, na darasa lile lifungwe mpaka mhandisi wa halmashauri aje. Msiuzibe ufa wa namna hiyo kwa lipu na chokaa. Nimekwisha ona ikifanywa kabla ya ziara ya mkubwa. Kuuficha ufa unaotembea ni kusema uongo mbele ya watoto, tena kwa gharama ya uhai wao.

Sakafu nayo yadharauliwa sana. Sakafu iliyobomoka ikawa vumbi huwa makao ya funza, nao huwaingia miguuni watoto wasio na viatu, ambao ndio maskini kuliko wote. Fundi mmoja na mifuko michache ya saruji wakati wa likizo huweza kuirejesha. Vyoo vina kiasi chake kilichowekwa: tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 yapasa kuwa na matundu 20 kwa ajili yao. Mkienda kuhesabu, hesabuni yale ambayo milango yake yafungika, kwa kuwa choo kisicho na komeo, kwa msichana aliyekwisha baleghe, ni sawa na kutokuwapo. Akina mama wanalijua hili kuliko mimi, nami naona wangefaa kukabidhiwa sehemu hiyo yote waisimamie wao.

Juu ya radi, wengi mnakumbuka msiba wa Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, walipouawa kwa radi shuleni. Mwezi Oktoba 2018 katika mkoa huohuo wa Geita wanafunzi wa shule nyingine walikufa kwa namna hiyohiyo. Tuwaombee wazazi wao subira. Katika sehemu zenye radi nyingi yatupasa tuulize kama shule yetu ina kinga, na kama ipo, tuufuate kwa macho waya wake kutoka juu ya paa mpaka unapoingia ardhini. Waya uliokatwa na mwizi wa shaba haukingi kitu, na ni watu wachache mno wanaoutazama baada ya siku ulipofungwa.

Nimekwisha kuulizwa maswali mawili juu ya jambo hili, nami nitayajibu waziwazi.

Swali la kwanza: je, tukitengeneza sisi, Serikali haitaacha kabisa? Hofu hiyo si ya kipumbavu. Jibu langu ni kwamba kazi ziko za namna mbili. Ziko kazi za nyundo, kama msumari, kofia ya bati, gata, bawaba, na mtaro wa kupitisha maji. Hizi tukizingoja kutoka wilayani twajidhulumu wenyewe. Tena ziko kazi za mhandisi, kama ukuta unaotembea, kenchi iliyooza, paa la asbesto la zamani, ambalo vumbi lake ni sumu na halifai kuvunjwa na kijana mwenye nyundo. Hizi ni za halmashauri, na wajibu wetu ni kudai kwa adabu na kwa maandishi. Kamati ya Shule iwe na daftari moja: tarehe, kilichoonekana, aliyearifiwa, alichojibu. Barua yenye tarehe, iliyosomwa mbele ya mkutano wa kijiji na nakala ikaenda kwa mkurugenzi, si rahisi kupotea kama neno la mdomo. Mwalimu wa zamu aliyenieleza habari za kofia za bati angalikuwa na daftari hilo, maneno yangu ya siku ile yangalikuwamo ndani yake mpaka leo, na pengine ningaliona haya kuyasema.

Na kuhusu fedha, tusiwatie walimu matatani. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni na kuwazuia walimu wasishike fedha za wazazi. Kwa hiyo tusimpe mwalimu bahasha. Tupitie serikali ya kijiji na ofisi ya mkurugenzi, tupate kibali. Na mara nyingi ni bora zaidi kupeleka vitu na mikono kuliko fedha, kwa sababu bati lililopigiliwa juu ya paa kila mtu hulihesabu.

Swali la pili liliulizwa na mzee mmoja ninayemheshimu sana. Alisema, "Shule ile si yetu. Wamo Wakristo, wamo wasio na dini, na mwalimu mkuu si mwenzetu. Kwa nini nguvu za msikiti ziende huko?" Nilimjibu kwamba bati likianguka halitauliza jina la mtoto. Naye alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza bei ya gata. Huyo ndiye aliyenunua mita 20 za kwanza.

Mtume wetu, s.a.w., alipojenga msikiti wa Madina alibeba tofali pamoja na masahaba zake, na pembeni mwa msikiti ule wakakaa waliokuja kujifunza. Simwoni mtu miongoni mwetu ambaye cheo chake kinamzuia kupanda ngazi.

Sasa nimalizie na shughuli yenyewe. Wiki mbili zilizopita mafundi watatu wa jamaa yetu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu, walilizunguka jengo la shule iliyo nyuma ya msikiti huu na kuandika waliyoyaona. Kofia saba za bati zimelegea. Gata hakuna upande wa mashariki. Milango mitano ya vyoo vya wasichana haina komeo. Katika darasa la tano kuna ufa wa mshazari, nao umewekewa plasta na tarehe. Barua yake imekwisha pelekwa wilayani, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa anayo katibu. Kibali cha kazi zile nyingine kimetoka.

Tutaanza Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, in sha Allah, kabla jua halijayapasha bati moto. Wenye ngazi waje nazo. Misumari ya bati ipo, lakini mbao za kufungia gata zimepungua nne, na komeo bado mbili. Vijana wa kuchimba mtaro waje na majembe na sururu zao wenyewe, kwa maana za shule zimekwisha vunjika mipini. Akina mama wamesema chai na mihogo ni juu yao. Atakayeshindwa kuja amwone katibu leo baada ya Magharibi, aseme atatoa nini, nayo iandikwe.